Hesabu ya Nuzhat Kabla ya Mwezi Kuandama

Katika soko la Jodia, mjini Karachi, harufu ya bizari humfikia mtu kabla ya salamu. Nuzhat Ansari alikulia ndani ya harufu hiyo. Baba yake alikuwa karani wa mizani katika ghala la dengu, na kila jioni alirudi nyumbani na vumbi la manjano kwenye nyusi, binti akimfuta kwa ncha ya mtandio huku akimuuliza leo wameuza nini, nani kanunua, na kwa nini fulani hakuja. Baba alijibu yote. Hakuwa na kingine cha kumrithisha.

Kwa hiyo benki ilipofungua tawi sokoni na kutafuta mtu wa kushughulika na wafanyabiashara, Nuzhat alikuwa mwanamke pekee aliyeiomba kazi ile. Wenzake waliogopa hamali wenye midomo michafu, na mikokoteni ya punda, na wazee wa Kimemoni, watu wa biashara tangu mababu, ambao bei wakishaitamka hawairudii. Yeye alivaa viatu visivyo na kisigino akaingia. Mwaka wa kwanza walimwita “yule wa benki”. Wa pili wakamwita dada. Alipofikisha miaka arobaini, hana mume na hana mpango, wazee walianza kumwita mwanangu, na vijana waliposema naye waliteremsha sauti.

Benki yenyewe ilikuwa ya Kiislamu, na ndogo. Haikopeshi kwa riba wala haikopi kwa riba. Watu husikia lile la kwanza wakafurahi. La pili hawalifikirii. Benki nyingine siku ikipungukiwa hupiga simu, ikakopa hadi kesho, ikalipa riba yake, mambo yakaisha. Benki ya Nuzhat haikuwa na simu ya namna hiyo. Ikipungukiwa, ilibidi iitafute benki ya Kiislamu yenye ziada, iikaribishe iwe mbia katika biashara zake kwa siku chache, kisha wagawane faida. Na mbia anayekaribishwa kwa haraka haachi kuomba fungu nono. Akiwa hayupo kabisa, benki inashindwa kuwalipa watu wake, na benki iliyoshindwa kulipa mara moja husimuliwa sokoni mpaka kwa wajukuu.

Ndiyo maana kazi ya Nuzhat, ukiondoa majina makubwa waliyoipa makao makuu, ilikuwa ni kujua mapema. Nani atatoa fedha, lini, na kwa ajili gani. Alijua kwamba muuza mchele akianza kupaka duka rangi, ana binti wa kuoza. Alijua kuwa ndugu wawili wa duka la sukari wakiacha kunywa chai pamoja, akaunti yao itagawanywa kabla ya mwezi kwisha. Alipita, akakaa, akanywa vikombe vya chai ambavyo tumbo lake halikuvitaka, akarudi ofisini akapiga simu kwa Bwana Khawar wa makao makuu, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba benki nzima, kila jioni, inafunga siku ikiwa na fedha za kutosha. Bwana Khawar alikuwa mtu mkavu, lakini hesabu ya Nuzhat aliipokea bila swali. Matawi mengine aliyauliza mara tatu.

Msimu mgumu ulikuwa mwezi wa Shabani. Siku ya kwanza ya Ramadhani, serikali hukata zaka katika akaunti za akiba, na siku chache kabla yake watu huja kuzitoa fedha zao. Si kwamba hawatoi zaka. Wanatoa, tena kwa moyo, ila kila mmoja anataka kuuona uso wa anayepokea. Akaunti ya hundi haikatwi, kwa hiyo wateja wengi wa Nuzhat walihamishia fedha huko kwa muda: kwenye akiba mteja ni mbia wa benki na hupata faida, kwenye hundi anakuwa ameikopesha benki bure, na anaweza kudai chake saa yoyote. Kwa Bwana Khawar yote mamoja, maadamu fedha hazikutoka mlangoni. Na wale wachache wa kujaza noti kwenye mifuko, Nuzhat aliwajua kwa majina.

Mwaka huo mwezi ulikuwa utazamwe Jumapili jioni. Benki hazifungui Jumamosi wala Jumapili, na Jumatatu huenda ikawa ndiyo Ramadhani yenyewe. Ikabaki Ijumaa. Watu wote, fedha zote, siku moja ambayo nayo hukatika katikati kwa sala.

“Nipe hesabu yako,” Bwana Khawar alisema mapema wiki ile. “Na usinipe matumaini, Bi Nuzhat. Ijumaa hii kila benki ina kiu. Ninachokihitaji nikiombe mapema.”

Akampa. Alikuwa amepita kila duka ila moja. Haji Sattar Kasbati, muuza iliki na pilipili manga, alikuwa amefiwa na mkewe wakati wa baridi. Miaka yote, msimu kama huu akaunti yake ilikuwa tupu, kwa kuwa alishanunua mzigo wa Ramadhani. Mwaka huu hakununua kitu, na fedha zake zilikaa benki zimetulia, nyingi kuliko za mteja mwingine yeyote wa tawi. Nuzhat alifika mara mbili mpaka mlangoni kwake, akamwona amekaa kwenye godoro lake jeupe la dukani anautazama mzani uliokuwa hauna kitu, akaona haya. Utamwulizaje mtu aliyefiwa kwamba fedha zake atazifanya nini? Akarudi. Kwenye hesabu akamweka pamoja na wale wanaohamishia akaunti ya hundi, kama wafanyavyo wengi.

Alhamisi adhuhuri Haji akaja mwenyewe, na kofia yake ya Kimemoni yenye nakshi, akaketi mbele ya meza.

“Mwanangu, kesho nakuja kuchukua fedha zangu.”

“Kiasi gani, Haji?”

“Zote.”

Dilawar, keshia, ambaye masikio yake yalikuwa marefu kuliko kaunta yake, akainua kichwa. “Zote, Haji? Unaoa?”

“Naoa mama yako,” Haji akasema bila kugeuka. “Hesabu noti zako huko.”

Nuzhat alijilazimisha kutabasamu. “Haji, kwa nini ujitaabishe na magunia? Zihamishie akaunti ya hundi. Sahihi moja tu. Serikali haigusi, na zaka utaitoa kwa mkono wako.”

“Hiyo ya hundi si ndiyo ile ninayokukopesheni?”

“Ndiyo. Mkopo usio na faida. Ukizitaka kesho, unapewa kesho.”

Haji akatikisa kichwa taratibu. “Mimi na nyinyi ni wabia. Mnafanya biashara, mkipata napata, mkikosa nakosa. Hilo nalielewa. Lakini kukopesha, hapana. Marehemu baba alimkopesha mtu mmoja hapa hapa sokoni, mtu wa kanzu safi, ambaye baba hakuwahi kula nyumbani kwake hata mara moja. Hakulipa, tukalala njaa, mwanangu. Baba akatuapisha sote, mimi na ndugu zangu: msimkopeshe mtu ambaye hamjala kwake. Nami benki yenu sijala.”

“Benki haina jiko, Haji!” Dilawar akadakia.

“Basi isiniombe mkopo.”

“Na ile fomu ya kiapo, ya kuzuia zaka isikatwe?” Nuzhat akauliza, ingawa alijua muda wake umepita.

“Niape mbele ya muuza stempu kwamba mimi serikali hainihusu kwa zaka? Zulekha angenicheka.” Alipolitaja jina la mkewe, sauti yake ilishuka. Akaikaza tena. “Yeye ndiye aliyekuwa anagawa. Mimi nilikuwa nampa fedha tu. Mwaka huu nataka nizione kwa macho yangu, zote, nizitenge mwenyewe. Usinishike, mwanangu. Kesho kabla ya sala.”

Akaondoka.

Hapo ndipo Nuzhat alipopaswa kushika simu. Aliitazama. Aliwaza sauti ya Bwana Khawar, namna alivyoipokea hesabu yake bila swali. Halafu akawaza maneno ya Haji: hamjala kwake. Ala! Kumbe dawa ni sahani ya chakula.

Jioni alimweleza mama yake, kwenye ghorofa yao ya Barabara ya Burns. Mama, aliyekuwa akikuna tangawizi, hata hakumwacha amalize.

“Mbuzi na viazi,” akasema. “Na chapati nyembamba. Mzee aliyefiwa hataki mambo ya harusi. Na wewe usipike, utamuua.”

Ijumaa asubuhi Bwana Khawar alipiga simu mwenyewe. “Hesabu yako ni ile ile?”

“Ile ile,” Nuzhat akajibu. Sufuria ya mama ilikuwa chini ya meza, imefungwa kwa kitambaa, na mvuke wake ulikuwa umeshaanza kuwatesa wateja.

Haji alifika na hamali wawili na magunia matupu yaliyonuka iliki. Nuzhat akampeleka kwenye chumba kidogo cha nyuma, ambako wafanyakazi hula. Akatandika kitambaa, akammiminia maji ya kunawa, akafunua sufuria. Mtu aliyezoea chakula cha nyumbani kwa miaka hamsini, kisha akala miezi mitano ya chakula cha hotelini, akifunuliwa mchuzi wa mama wa mtu, hujiona uchi kidogo. Akanyoosha mkono, akakata kipande cha chapati, akakichovya. Kabla hajakifikisha mdomoni akaiona fomu ya akaunti ya hundi, imewekwa pembeni, kalamu juu yake.

“Mwanangu, chakula hiki ni cha nini?”

Nuzhat angeweza kusema ni cha mapenzi. Ingekuwa nusu kweli. Lakini mzee alikuwa anamtazama kama baba yake alivyokuwa akimtazama, akisubiri jibu ambalo angeliamini.

“Ni ili ule kwetu, Haji. Ili uweze kutukopesha.”

Haji akakirudisha kipande kwenye sahani, pole pole, kama anayemlaza mtoto.

“Basi hii ni riba.”

“Haji!”

“Ni nini basi? Nakukopesheni fedha, mnanipa nyama. Manufaa ya mkopo hayo. Afadhali mngenipa asilimia, nisingepata gesi.” Hakuwa na hasira. Alisikitika kweli, na macho yake yalikuwa kwenye mchuzi.

Dilawar, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kisingizio cha kutafuta chumvi, akaingilia. “Rahisi, Haji. Nunua! Dada anakuuzia sahani, unalipa, biashara halali. Dada, taja bei.”

“Rupia mia tatu,” Nuzhat akasema haraka.

“Mia tatu kwa viazi?” Haji akashtuka, damu ya soko ikamchemka. “Nyama yenyewe naona vipande vinne. Mia na hamsini.”

“Mia mbili na hamsini, na achari ndani.”

“Mia mbili, na achari, na huyu keshia atoke.”

“Nimeuza.”

“Nimenunua.” Akaingiza mkono mfukoni, mkono ukasimama humo humo. Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha mtu aliyekuwa amesahau kinavyochekwa. “Wewe mtoto! Nikilipa, nimekula hotelini. Sijala kwako. Tumerudi pale pale.”

Ilikuwa kweli. Akila kama mgeni, mkopo unaharibika. Akila kama mnunuzi, hawezi kukopesha. Nje, hamali walikuwa wanagombana kuhusu kivuli, na kutoka msikitini mtu alikuwa anakijaribu kipaza sauti.

Nuzhat alimtazama yule mzee na chapati yake iliyokuwa inapoa. Aliona vizuri sasa alichokuwa amekifanya. Hakuwa ameuliza wakati wa kuuliza. Na alipoambiwa, alitaka kuifanya hesabu yake iwe kweli kwa nguvu, kwa sufuria ya mama yake. Bwana Khawar alikuwa anaiamini namba ambayo yeye mwenyewe hakuiamini. Na muda ulikuwa bado upo, kidogo. Baada ya sala usingekuwapo.

Akaichukua fomu, akaichana mara mbili, vipande akavitia kwenye pipa la takataka.

“Haji, fedha zako utachukua zote. Dilawar, anza kuhesabu. Ngojeni napiga simu.”

Alipiga pale pale, amesimama karibu na dirisha.

“Bwana Khawar, hesabu yangu ni mbovu. Haji Sattar anatoa zote leo. Fedha za kumlipa hapa ninazo, lakini nikimlipa, tawi linabaki tupu, na wengine watakuja baada ya sala. Nahitaji gari la fedha, na wewe utahitaji mbia.”

“Umejua lini?”

“Jana adhuhuri.”

“Jana!” Kisha akapumua. “Jana ningempata mbia kwa bei ya jana.”

“Najua.”

“Asubuhi nimekuuliza.”

“Umeniuliza, nikakuficha. Nilidhani nitamgeuza.”

“Bi Nuzhat, sikukuajiri uwageuze watu. Hao wa kugeuza ninao ghorofa nzima. Wewe nakutaka unieleze walivyo.” Karatasi zikasikika zikifunuliwa. “Kuna benki moja ya Lahore bado ina ziada. Watanichuna ngozi. Kaa karibu na simu.”

Akakata. Nuzhat akarudi kwenye kitambaa, akaketi ng’ambo ya mzee, na uso ukimwaka. Akaisogeza sahani.

“Sasa kula, Haji. Hakuna fomu. Mama yangu ameamka alfajiri.”

Haji alimchunguza, akalichunguza na pipa la takataka, kisha akachovya ile chapati. Akala. Kwenye tonge la pili akasema nyama imeiva. Kwenye la nne akasema Zulekha alikuwa anatia mdalasini kijiti kimoja tu, na kwamba siku alipotia viwili walinuniana hadi Jumatano. Nuzhat akacheka, akamwongeza mchuzi. Mzee aliendelea: mkewe alivyokuwa akipanga fedha za zaka kwenye bahasha, akimfukuza chumbani ili asijue nani anapewa nini, maana alisema mwanamume akijua atamtazama mjane wa watu kwa macho ya mdai. Kwa hiyo hakuwajua. Miaka yote ile alikuwa akiwapita barabarani bila kuwajua. Mwaka huu ilimbidi akae mlangoni na fedha, asubiri waje wenyewe, na alikuwa anaogopa kwamba hawatakuja.

“Watakuja,” Nuzhat alisema.

“Unajuaje?”

“Sijui, Haji. Natumaini tu.” Na alifurahi kulisema hilo bila kulivisha nguo ya hesabu.

Simu ililia akiwa anakunja kitambaa. Lahore wamekubali, wanaingia kama wabia mpaka katikati ya wiki. Gari la fedha liko njiani. Bwana Khawar alitaja fungu la faida walilolitaka, na Nuzhat akafumba macho.

“Tutalipa,” Bwana Khawar alisema. “Jumatano uje makao makuu, tuzungumze. Si kwa furaha.”

“Nitakuja.”

Hamali walitoka na magunia mawili, Haji katikati yao, na soko zima likajifanya haliangalii. Baada ya sala watu walikuja wengi, wakapanga foleni mpaka kwenye duka la bizari, na kila mmoja alilipwa. Dilawar alihesabu mpaka vidole vikawa vyeusi. Tawi lilipofungwa, sanduku lilikuwa na kiasi kidogo, lakini lilikuwa nacho, na huko makao makuu Bwana Khawar alifunga siku yake bila aibu.

Mwezi uliandama Jumapili. Ramadhani ikiwa imeingia na zaka imekwisha kukatwa, magunia yakarudi kwenye akaunti ya akiba, moja limepungua kidogo. Haji alikaa kwenye kiti kile kile, midomo imekauka kwa saumu.

“Walikuja,” akasema. “Mmoja alinisuta kabisa, akaniambia Zulekha alikuwa akimpa zaidi.”

“Ukamwongeza?”

“Ningefanyaje?” Akainama mbele. “Sasa niambie kweli, mwanangu. Ijumaa ile nilikuponza?”

“Nilijiponza. Jumatano naitwa.” Akasita, kisha akaona afadhali aseme yote. “Na wewe pia imekugusa, Haji. Mbia tuliyemwita alichukua fungu kubwa. Mwezi huu faida ya wateja itakuwa nyembamba. Na yako.”

Mzee alifikiri, akipapasa ukingo wa meza kama anayepima ubora wa kitambaa.

“Mimi ndiye niliyezitoa?”

“Na wengine. Lakini wewe zaidi.”

“Basi ni haki. Mbia hula hasara yake.” Akainuka, kisha akabaki amesimama. “Tukimaliza Ramadhani uje na mama yako mle kwangu. Mpishi wangu mbaya, lakini njooni. Na huyo keshia pia, mradi asiseme. Tule mara mbili tatu hivi, kwangu na kwenu, bila karatasi yoyote mezani. Ikishakuwa mazoea, chakula si riba tena.”

“Halafu Shabani ijayo?”

“Halafu Shabani ijayo uje dukani uniulize,” Haji akasema, “tena uniulize mapema. Mwaka huu ulifika mlangoni mara mbili ukageuka. Ulidhani sikukuona?”